Mwaka huu utanisomea majina wewe

Nyegezi, Mwanza
8 Julai 2025

Mwanangu,

Habari za Dodoma na vumbi lake? Sisi huku hatujambo. Mama yako ananicheka, anasema si nikupigie simu tu, kalamu ya nini? Lakini haya ninayotaka kukwambia yakipita kwenye simu utaniitikia "sawa baba, nimekuelewa" huku unatafuta pa kuegesha gari. Kwa hiyo kaa chini usome.

Daktari amekataa. Kifundo cha mguu hakijaunga vizuri, na kabla ya Septemba hataki kusikia habari ya meli wala basi. Nimembishia mpaka akaita wauguzi waje wamsikilize mzee. Basi safari ya Kamachumu mwaka huu itakuwa yako. Sikutumi kupeleka mzigo, maana mzigo ningempa kondakta ungefika. Nakutuma ukakae siku mbili na baba yako mkubwa Koplo, kisha umpeleke Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita vya Kagera, kabla ya tarehe 25, Siku ya Mashujaa, ukamsomee majina ya waliolala pale.

Najua unamkumbuka kidogo tu. Ulikuwa na miaka tisa nilipokuchukua, ukatapika tangu tunatoka bandarini, ukalala, ukaamka Kemondo unauliza kama tumeshafika Ulaya. Habari yenyewe hujawahi kuisikia yote, kwa sababu kila nikianza kuisimulia mama yako huleta chakula.

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 19, utingo wa lori la tajiri mmoja hapa Mwanza. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwisho wa Oktoba, na Novemba ilipoanza yeye akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mtoni ni ya Uganda. Tarehe 2 tulikuwa gereji, redio juu ya tanki la maji, tukamsikia Mwalimu akisema nia ya kumpiga tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Siku hizi nawasikia vijana wakiyasema maneno hayo Simba na Yanga zikikutana, wanacheka, na mimi nacheka nao. Siku ile dereva wangu alizima redio, akaenda kuangalia maji kwenye rejeta, wala hakusema kitu mpaka jioni. Baada ya siku chache Serikali ikaanza kuchukua magari ya watu binafsi kwa kazi ya vita. Lori letu likachukuliwa, na sisi wawili tukiwa ndani yake.

Tulibeba unga, maharage, mafuta, na safari nyingine masanduku ambayo tuliambiwa tusiyaulize. Pantoni ya Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba, halafu juu kuelekea Kyaka. Mvua za Novemba unazijua. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa tarehe 3, magari yakarundikana upande wetu wa mto, na lori letu likazama kwenye tope mpaka ekseli. Dereva akanituma nitafute watu wa kusukuma.

Ndipo nikamkuta. Alikuwa ameketi juu ya kreti, mtu mwembamba, anafungasha majani makavu ya mgomba ndani ya buti. Alipewa buti kubwa kuliko mguu wake, na zilizomtosha hazikuwepo. Aliyapanga majani yale kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Nikamwomba msaada. Akanitazama, akamalizia jani la mwisho, akavaa, akakanyaga chini mara mbili kupima, ndipo akaita wenzake. Walikuja sita. Lori likatoka, na tope lote likaishia usoni kwangu, maana nilikuwa nyuma ya tairi. Huo ndio urafiki wetu ulivyoanza, mtu akinicheka.

Miongoni mwa wale sita alikuwepo kijana wa Songea. Jina lake sitaliandika hapa, utalisoma mwenyewe. Jioni ile Koplo (wakati huo hajawa koplo, lakini mimi sijui kumwita vingine) alisikia kwamba tukirudi tutapita njia ya Muleba. Akaniuliza kama naweza kufika Kamachumu kwa mama yake. Alitaka kumpelekea pesa kidogo, maana mama alikuwa peke yake na hakujua kama mwanawe yu mzima. Pesa hakuwa nayo. Yule wa Songea akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya shilingi 20, akampa. Akasema, "Utanilipa tukirudi." Koplo akanikabidhi mimi. Nikaiweka ndani ya soksi.

Kamachumu nilifika na mguu unanuka na noti imelowa. Yule mama aliianika juu ya ungo karibu na moto, akaitazama mpaka ikakauka, ndipo akaniuliza habari za mwanawe. Nikamwambia yu mzima, ana buti. Akaniletea kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa wanayompa mgeni Uhayani, imefungwa kwenye kijani cha mgomba. Mimi Msukuma wa watu nikadhani ni dawa, nikameza nzima nzima. Mpaka leo nikifika kule lazima mmoja aikumbushe.

Mwaka 1979 mwezi wa tatu, kule Lukaya, yule wa Songea akafa. Lukaya ilikuwa vita kubwa, Walibya walikuwa wameletwa kumsaidia Amin. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka, watu wakacheza barabarani mpaka Mwanza. Koplo aliendelea kwa miguu hadi kaskazini, akabaki Uganda, akarudi 1981. Siku aliyofika Mwanza alinitafuta gerejini. Neno la kwanza halikuwa salamu. Alisema, "Ile pesa sikumlipa."

Sasa mambo ya safari. Utaniona nina miiko mingi ya kizee, lakini kila mwiko una sababu yake.

Sukari kilo mbili usikose, hata kama duka la Kamachumu limejaa sukari. Baada ya vita Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18, na ile mikanda haikufunguka miezi 18 ilipokwisha, unajua. Mwaka 1983 sukari ilikuwa kitu cha kunong'onezana. Nilisafiri na kilo mbili nimezivalia ndani ya suruali, moja kila paja, huku msako wa wahujumu uchumi umepamba moto, nikitembea kama mtu mwenye jipu. Mama yake Koplo alilia alipoiona, na hakulia nilipomletea habari kwamba mwanawe yu hai. Mama yule ametangulia mbele ya haki zamani, lakini sukari haijawahi kukosa. Ongeza mchele kilo tano, maana wao ni watu wa ndizi na wali wanauona wa sikukuu. Majani ya chai, na betri nne kubwa za redio. Betri ndiyo zawadi yenyewe. Macho yake yalianza kuondoka miaka minane iliyopita, ile presha ya macho, na sasa hata mwanga wa dirisha haoni. Redio ndiyo gazeti lake, ndiyo saa yake, ndiyo mtu wake wa kubishana naye.

Njia chagua mwenyewe. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwezi uliopita, kilomita tatu na ushee unavuka kwa dakika, na sisi tuliokesha tukingoja pantoni na mbu wake tunalitazama kama mchezo wa kiinimacho. Ukipanda basi utafika mchana. Mimi lakini napenda meli. Uliza kwanza bandarini kama Victoria inafanya safari wiki hiyo. Huondoka usiku, na alfajiri unashuka Kemondo, si lazima ufike Bukoba mjini. Kata tiketi ya daraja la pili, usijifanye shujaa.

Na ukipanda meli, usiingie ndani kulala mpaka taa za Mwanza zipotee. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, imeshakaribia Mwanza, imetokea Bukoba na kupitia Kemondo hiyo hiyo. Nilikuwa na watu mle, shangazi yako anajua. Miaka mitatu baada ya hapo sikuweza kupanda, nilizunguka kwa barabara. Nilipopanda tena nilisimama nje, nimeshika chuma, nikawataja niliowajua. Basi ikawa ndivyo. Wewe huwajui, simama tu.

Kutoka Kemondo utapata hiace mpaka Muhutwe, halafu upande njia ya Kamachumu, kwa gari au bodaboda. Bodaboda wa pale ukimwambia "kwa Koplo" anajua.

Ukifika, mwamkie vizuri, shikamoo ya kupiga goti, hakuoni lakini atajua sauti imetoka chini au juu. Huyo anajua, usimjaribu. Halafu usianze na "tunawashukuru kwa kulipigania taifa". Hapendi. Waliwahi kuja vijana na kamera wakamwambia hivyo, akawauliza kama wamekula. Usimuulize aliua wangapi. Nimemfahamu miaka 46 na sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kusema. Muulize juu ya buti. Muulize walikuwa wanakula nini, wanavijiji wa Uganda waliwapa nini njiani, walilala vipi mvua ikinyesha. Atakwambia mpaka taa iishe mafuta. Muulize juu ya Jenerali Musuguri, aliyewaongoza. Oktoba iliyopita mzee yule alipofariki hapa Mwanza na miaka yake 104, Koplo alisikia kwenye redio akiwa ameketi barazani. Mkewe aliniambia kwamba alisimama, akakosa ukuta wa kushika, akapiga saluti kuelekea jikoni. Mkewe alikuwa jikoni. Akamjibu, "Keti, Jenerali amekuona."

Utashangaa pia nyufa za nyumba. Ni za tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Yeye alilala nje kwenye migomba wiki mbili, akasema mizinga ya Amin haikumtoa kwao lakini ardhi yenyewe imemtoa, angefanyaje.

Kaboya mwende naye siku ya pili, asubuhi, akiwa ameshakunywa chai. Kodi taksi, pesa nitakutumia, usimpandishe bodaboda hata akikuambia amezoea. Pale ni eneo la jeshi, kwa hiyo jitambulisheni kwa askari, na simu yako ikae kwenye mkoba mpaka uombe ruhusa. Wamelala mamia ya vijana waliokufa katika vita ile. Kuna mnara mweupe wenye majina yao. Mwaka 2014 sherehe ya kitaifa ya Mashujaa ilikuja pale pale, Rais Kikwete akaongoza, kukawekwa mkuki na ngao, sime, mashada ya maua, tarumbeta ikalia. Ilikuwa nzuri, sitasema vinginevyo, nililia mimi. Lakini Koplo siku ile alisimama nyuma kabisa, na watu wakubwa walipoondoka alikuwa hajapata hata chupa ya maji, na hakuna aliyemuuliza anarudije Kamachumu. Ndiyo maana tangu hapo huwa tunatangulia siku moja au mbili, sisi wenyewe, kabla ya viti kupangwa. Aliye hai kwanza, nyumbani kwake, apikiwe, anyolewe ndevu, acheke. Kaboya baadaye. Waliolala pale hawana njaa.

Nikueleze kisa kimoja kisha niendelee, maana hiki akikusimulia yeye atakichafua. Mwaka mmoja alikwenda ofisi fulani kufuatilia mafao yake. Kijana wa dirishani akapekua, akapekua, akamwambia, "Mzee, humu unaonekana umefariki." Koplo akamuuliza, "Lini?" Kijana akamsomea tarehe. Alihangaika nalo miezi tisa, barua kwa mtendaji wa kijiji, barua kwa nani, mpaka akafufuliwa. Julai ile tulipofika Kaboya, macho yake bado yanaona kivuli kidogo, akaniambia, "Hebu angalia vizuri na jina langu, huenda nimo." Nikaangalia kweli. Nilianza juu nikashuka mpaka chini, kidole juu ya kila jina, mikono inanitetemeka kwa jambo la kipuuzi kama lile. Hakuwemo. Nilipomwambia akasema, "Basi twende nyumbani, mke wangu asije akaolewa."

Tangu macho yalipofunga kabisa, mimi ndiye ninayesoma. Yeye husimama, kofia mkononi, uso umeelekea mnarani. Soma polepole. Majina mengine atakurekebisha matamshi, maana alikuwa nao, na ni majina ya Kinyakyusa, ya Kimakonde, ya Kikurya, ya nchi nzima, na wewe mtoto wa mjini utayavunja. Usikasirike. Akikurekebisha rudia jina mpaka aridhike. Mengine atakunyamazisha kwa mkono, asimame kidogo, kisha aseme "endelea". Hujui nini kimepita pale, nawe usiulize.

Ukilifikia la yule wa Songea utajua, kwa sababu atatoa bati. Ni kopo la zamani la majani ya chai, amelibeba kwenye mfuko wa koti. Ndani mna noti ya shilingi 20, ya wakati ule. Hapana, si ile ile. Ile mama yake aliinunulia chumvi na mafuta ya taa kama mtu yeyote mwenye akili. Hii aliitafuta aliporudi, akaitunza, na wakati noti zinabadilishwa alikataa kuipeleka benki. Haifai kununua hata kiberiti. Ataifungua, ataiinua juu kidogo, kama mtu anayemwonyesha mwenye duka kwamba hela anayo, na atasema maneno yale yale anayosema kila mwaka: "Sijakimbia. Nipo." Kisha ataikunja tena airudishe.

Tulijaribu kuilipa kwa njia nyingine, usidhani tumekaa tu. Mwaka 1987 tuliandika barua Songea kwa anwani aliyoikumbuka Koplo, ya shule ya misheni. Haikujibiwa. Baadaye mimi mwenyewe nilipitia kule na lori la mbao, nikauliza sokoni siku mbili. Ukoo ule una watu wengi mno. Bibi mmoja alinishika mkono akasema huenda ni mjomba wake, huenda siye, akanipa maembe. Tuliwahi kubishana vibaya sana na Koplo juu ya pesa ile. Mimi nilisema itolewe sadaka, kwa mtoto yatima, kwa kanisa, iishe. Akasema deni si langu nisiligawe. Hatukusemeshana miezi minne. Niliporudi Julai nikamkuta amenichinjia kuku, wala hakuligusia.

Sasa kuna jambo ambalo simu ilikuwa haifai kabisa kulisema. Wiki iliyopita alinipigia, akasema pumzi inamsumbua kwenye zile hatua za kupandia mnarani. Akauliza kama nimepona. Nikamwambia atakuja binti yangu. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Yule aliyetapika?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwambie aje na soksi nene, Kamachumu ni baridi." Nadhani anataka kukukabidhi lile bati. Sina hakika, hakusema, lakini namjua. Akikupa, usikatae kwa adabu za kizungu za "hapana baba mkubwa, kaa nalo wewe". Lipokee kwa mikono miwili. Na usilete noti hiyo huku kwangu, ina kwao, irudishe pale pale anapoiweka, juu ya kabati nyuma ya redio, umwambie umeiweka wapi ili mkono wake uifikie.

Ukirudi watakupa mkungu wa ndizi na kahawa, na kama mkewe ameweka akiba ya senene wa msimu uliopita, mama yako anadai wake, amenisisitizia niandike. Ndizi zisikae juani kwenye meli.

Betri ni zile kubwa, si za rimoti. Mwaka juzi nilipeleka ndogo, akanisema siku mbili.

Baba yako